Imamu Ghazali na Moto Uliounguza Pamba

Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni. Mwaka 484 (1091) alipewa kiti cha kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, naye hajafika miaka 35.

Huko aliandika Tahafut al-Falasifa. Katika mas'ala ya 17 aliuliza: je, moto ndio unaounguza pamba kwa nguvu zake wenyewe? Jibu lake ni kwamba jicho huona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini halioni ulazima wowote kati ya hayo mawili. Anayeunguza ni Allah, na mpango tuliouzoea ni ada aliyoipitisha.

Mwaka 488 (1095) ulimi wake ulifungika, akashindwa kusomesha. Akaacha cheo, akaenda Sham, Quds na Hijja. Katika Ihya alionya kwamba mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake hana tawakkul, ana wazimu. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Leo swali lake limeingia kwa mlango mwingine. Fizikia ya kwanta inajua kwamba nusu ya atomi za radiamu-226 zitavunjika katika miaka 1,600 hivi, ila haiwezi kusema atomi hii itavunjika lini. Einstein aliamini ipo sababu iliyofichika. Mwaka 1964 John Bell alionyesha njia ya kulipima jambo hilo, na majaribio yaliyofuata yakaikataa sababu ya namna aliyoitaka Einstein, yaani inayokaa na chembe yenyewe bila kuguswa na ya mbali. Namna nyingine bado zinajadiliwa.

Tusidai kwamba Ghazali aligundua kwanta. Alichotuachia ni kutofautisha kutoona sababu na kukosekana kwa Mwenye kutaka. Maabara hufika kwenye la kwanza tu.

Kwetu Mbau, na pwani nzima ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu 2017 suala hili si la maabara. Nyumba moja imeungua, ya jirani imesimama. Wapo wasemao ni bahati mbaya tu. Wapo wasemao ni kadari, wakimaanisha aliyetia moto asiulizwe. Mafundisho ya Imamu yanawakatalia wote: hakuna kilicho nje ya matakwa ya Allah, na mkono uliowasha kibiriti una hesabu yake.