Rebmann: Mmishonari aliyeona theluji wasomi wakamcheka

WAKAZI wa Thika na Ruiru hawahitaji kuhadithiwa habari za baridi. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Mawingu mazito hutanda juu ya mashamba ya kahawa, na jua likakosa nafasi ya kuipasha ardhi joto kwa siku kadhaa mfululizo.

Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu iko karibu sana na Ikweta, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana mtoto wa huku aendaye shule alfajiri ya Julai huvaa sweta na kofia ya sufu, ilhali mwenzake wa Mombasa huvaa shati jepesi tu.

Wapo wanaodhani kwamba baridi hiyo hushuka kutoka Mlima Kenya. Sivyo. Mlima huo, ulio takriban kilomita 100 kaskazini mwa Thika, sio uletao kipupwe, na katika msimu huo mara nyingi hufichwa na mawingu usionekane kabisa. Lakini mbingu zinapotakata, msafiri wa alfajiri huuona ukiwa umesimama upeoni, kilele chake kikiwa na weupe wa barafu na theluji.

Mwaka 2020, picha za mlima huo zilizopigwa kutoka Nairobi zilipoenea mitandaoni, baadhi ya watu walikataa kuamini. Walidai zimetengenezwa kwa kompyuta, ingawa wenyeji wa Thika na Ruiru wamekuwa wakiuona mlima huo miaka nenda miaka rudi.

Shaka ya namna hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 170 iliyopita, mtu mmoja alisema ameona theluji karibu na Ikweta, naye akachekwa na wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi. Mtu huyo ni Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, eneo la Württemberg, Ujerumani. Alipata mafunzo ya umishonari mjini Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na Church Missionary Society, chama cha wamishonari wa Kianglikana cha Uingereza.

Aliwasili Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia miaka miwili. Mwaka huo huo wawili hao walianzisha kituo cha misheni huko Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, si mbali na Mombasa.

Kutoka Rabai, Rebmann alianza kusafiri kuelekea bara. Oktoba 1847 alifika Kasigau katika nchi ya Wataita. Aprili 27, 1848, aliondoka tena, safari hii akielekea Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezifahamu vyema njia za bara. Rebmann mwenyewe hakuchukua silaha. Alichobeba mkononi ni mwavuli.

Asubuhi ya Mei 11, 1848, walipokuwa wakiikaribia nchi ya Wachaga, Rebmann aliona kitu cheupe kinachong'aa juu ya mlima. Mwanzoni alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, huyo hakuwa na jina maalumu la kitu kile. Alikiita baridi.

Neno hilo moja lilimtosha. Mtu wa pwani hakuwa na sababu ya kuwa na jina la theluji, maana hajawahi kuishi nayo. Lakini alijua tabia ya kile kitu, kwamba kina ubaridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, aliunganisha jibu hilo na yale aliyoyaona kwa macho yake, akahitimisha kwamba mlima ule, Kilimanjaro, umefunikwa na theluji.

Hakuridhika na kutazama kwa mbali. Aliwauliza Wachaga, akakuta kwamba wao walilijua jambo hilo siku nyingi. Walikiita kilele kile Kibo, na walijua kwamba kitu kile cheupe kikipata joto hugeuka maji. Mito iliyonywesha migomba yao ilitoka huko.

Katika safari zake alisimuliwa pia kisa cha Rengua, mfalme wa Machame. Inasemekana mfalme huyo aliwahi kutuma kikundi cha watu wapande mlimani wakachunguze kitu kile ni nini. Karibu wote waliangamia. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi, na watu wakaamini kwamba yamempata hayo kwa sababu ya pepo wabaya wa mlimani.

Kwa hiyo, kabla Ulaya haijaanza kubishana, tayari walikuwepo Waafrika waliokwenda kuipima baridi ya Kilimanjaro kwa miili yao. Rebmann alichukua habari zao, akaziandika.

Alirudi Uchagani Novemba 1848, akafika Machame na kupokewa na mfalme Mamkinga. Aprili 1849 alifunga safari ya tatu, akikusudia kufika mbali zaidi, hadi Unyamwezi. Safari hiyo ilimwendea vibaya. Mamkinga alimnyang'anya sehemu kubwa ya bidhaa alizobeba, akalazimika kurudi Rabai akiwa mgonjwa na mwenye huzuni.

Wakati huo taarifa zake zilikuwa zimefika London, ambako zilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la chama chake. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Aliyeongoza upinzani alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeheshimika. Cooley hakuwahi kukanyaga bara la ndani la Afrika. Maarifa yake aliyapata kwa kusoma maandishi ya kale na kuwahoji wasafiri. Hata hivyo, alitangaza kwamba theluji ya Kilimanjaro ni ndoto tupu, akadai kuwa macho ya Rebmann hayakuwa mazuri. Mwaka 1852 alichapisha kitabu kuhusu bara la ndani la Afrika, na hakuacha msimamo wake.

Kwa wapinzani wa Rebmann, jua la Ikweta lilikuwa kali mno kuruhusu theluji kudumu. Weupe ule, walisema, ungeweza kuwa miamba tu.

Hoja hiyo ilikuwa dhaifu hata kwa elimu ya siku zile. Wasomi walikwishajua kwamba milima mirefu ya Ecuador, nchi ambayo Ikweta inaipitia, ina theluji. Mtaalamu maarufu Alexander von Humboldt alikuwa amepanda mlima Chimborazo tangu mwaka 1802. Kilichokosekana ni utayari wa kuamini kwamba jambo hilo hilo lingewezekana Afrika, na kwamba mmishonari asiye na jina kubwa angeweza kuliona.

Kwa kweli hesabu yake si ngumu. Hewa hupungua joto kwa wastani wa nyuzi sita na nusu za Selsiasi kila mtu apandapo mita 1,000. Mombasa ikiwa na nyuzi 27, kilele cha Kilimanjaro chenye urefu wa mita 5,895 kitakuwa na takriban nyuzi 11 chini ya sufuri. Thika na Ruiru zinafuata kanuni hiyo hiyo. Mita 1,500 za mwinuko huondoa karibu nyuzi kumi.

Msaada wa kwanza ulitoka kwa Krapf. Novemba 1849, akielekea Ukambani, naye aliiona theluji ya Kilimanjaro. Kisha Desemba 3, 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona mlima wa pili wenye weupe, ambao leo nchi nzima inaitwa kwa jina lake. Wakikuyu wauitao Kirinyaga walikuwa wakiuelekea katika maombi yao tangu enzi za mababu. Lakini huko London, Krapf naye aliunganishwa na mwenzake katika dhihaka.

Rebmann hakurudi Ulaya kujitetea. Alibaki Rabai, akajifunza lugha za watu na kutunga makamusi. Pamoja na mmishonari mwenzake, Jakob Erhardt, alikusanya habari za wasafiri wa misafara, na ramani iliyotokana nazo ikachapishwa Ulaya katikati ya miaka ya 1850. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ziwa hilo halikuwa sahihi, lakini ramani iliamsha hamu ya safari ya Richard Burton na John Speke iliyoanza mwaka 1857, iliyofika katika maziwa makuu.

Haki ya Rebmann ilianza kupatikana mwaka 1861, wakati Mjerumani Karl Klaus von der Decken alipofika Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba wa Kiingereza, Richard Thornton. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia wakiwa huko huko mlimani.

Wataalamu wengi wakakubali. Cooley hakukubali hata hapo, na alifariki mwaka 1883. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya kilele cha Kibo, wakiwa wameizungukwa na barafu pande zote.

Lakini Rebmann hakuwa hai kuyashuhudia hayo. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866, naye akaendelea peke yake Rabai huku macho yakififia. Mtu aliyedhihakiwa kwamba haoni vizuri, hatimaye alipofuka kweli.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila likizo ya kurudi kwao, alisafiri kwenda Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Matibabu ya macho hayakufaulu. Alifariki Oktoba 4, 1876, mjini Korntal, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 56.

Leo moja ya barafu za Kilimanjaro inaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, hiyo nayo inapungua. Tangu mwaka 1912 mlima huo umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na barafu za Mlima Kenya zimebaki vipande vidogo. Ripoti ya shirika la Unesco ya mwaka 2022 ilionya kwamba barafu za milima hiyo huenda zikatoweka kabla ya mwaka 2050.

Hivyo, mkazi wa Thika au Ruiru anayeamka mapema, akautazama mlima na kuandika tarehe, hali ya mawingu na kiasi cha weupe alichokiona, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na Rebmann na mwavuli wake. Huenda wajukuu watakaposikia kwamba hapa Ikweta palikuwa na barafu ya kudumu, nao wakadhani ni ndoto tupu. Ushahidi wa kuwajibu ni ule unaoandikwa sasa, kungali na kitu cha kuonekana.