Siti binti Saad, mama aliyekataa kunyamaza

Mama zetu wanaotwanga mawe kwenye karera wanaitwa majina mabaya kila siku, tena na watu wa dini. Basi tusome habari ya huyu.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 kule Fumba, kisiwa cha Unguja, ukoo wa watumwa. Jina walilompa ni Mtumwa, hakuna lingine! Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti akabeba vyungu kichwani mpaka mjini, kwa miguu, akiita wanunuzi kwa sauti ambayo watu walikuwa wanasimama kuisikiliza.

Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza taarabu pamoja na wanamuziki wanaume. Mwanamke Mwislamu kuimbia wanaume, kwa mji ule, ilikuwa aibu kubwa. Wakubwa wakamwalika kwao, lakini wengine wakamtukana: sura mbaya, mtoto wa watumwa. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu bila akili.

Mwaka 1928 wakaenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake Kijiti ni wa mwanamke aliyeuawa. Muuaji akakimbilia bara, na mashahidi ndio wakafungwa. Sisi wa sendika tunaijua hiyo kesi, hata bila kufika Unguja. Ndiyo maana maskini walimpenda: habari za korti ziliwafikia ndani ya wimbo.

Alikufa mwaka 1950. Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga, akaandika maisha yake kitabu kizima.