Harry Ferguson: Fundi aliyempa mkulima mdogo trekta linalotengenezeka

WAKULIMA wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu trekta jekundu la Massey Ferguson. Yapo yaliyolima mashamba ya baba na leo yanalima ya watoto, baada ya injini kufumuliwa mara mbili au tatu. Wachache wanamfahamu mtu ambaye jina lake limebaki kwenye boneti.

Mtu huyo ni Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland aliyefariki dunia mwaka 1960. Maisha yake yana somo kwa yeyote anayetaka kufufua trekta kuukuu, hasa anapofikia hatua ya kubadilisha ringi za pistoni, ambapo haraka kidogo tu huweza kumgharimu mtu msimu mzima.

Ferguson alizaliwa Novemba 4, mwaka 1884, katika familia ya wakulima karibu na mji wa Dromore, kaskazini mwa Ireland. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akawa anafanya kazi katika shamba la baba yake, lakini kazi ya jembe na farasi haikumpendeza.

Mwaka 1902 alijiunga na kaka yake, Joe, aliyekuwa na karakana ya baiskeli na magari mjini Belfast. Huko ndiko alikojifunza injini, akapata sifa ya kuzirekebisha hadi zinguruma vizuri. Desemba 31, mwaka 1909, alirusha ndege aliyoitengeneza mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege nchini Ireland.

Mwaka 1911 alifungua biashara yake ya magari, na baadaye akaanza kuuza matrekta. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, serikali ilimpa kazi ya kuzunguka vijijini kuwasaidia wakulima kuyatumia matrekta vizuri zaidi ili chakula kiongezeke.

Katika kazi hiyo aliona tatizo kubwa. Plau ilikuwa inafungwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Ikigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, trekta likainuka mbele na kumwangukia dereva. Kuzuia hilo, watengenezaji waliongeza uzito, na trekta zito lilikandamiza udongo na kumeza mafuta mengi.

Jibu la Ferguson lilikuwa kuifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Aliifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, kisha akaweka haidroliki ya kuinyanyua na kurekebisha kina chake. Mzigo wa plau ukawa unakandamiza magurudumu ya nyuma, hivyo trekta jepesi likavuta kama zito. Haki ya ugunduzi huo aliiandikisha mwaka 1926, na karibu kila trekta la leo lina mikono hiyo mitatu.

Trekta la kwanza lenye mfumo huo lilianza kuuzwa mwaka 1936, kwa ushirikiano na David Brown wa Uingereza. Oktoba 1938, Ferguson alilipeleka Marekani kwa Henry Ford. Baada ya kuliona likilima, wawili hao walikubaliana kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Ford angetengeneza, Ferguson angeuza.

Biashara ilishamiri kuanzia mwaka 1939, na matrekta zaidi ya 300,000 yalitengenezwa. Lakini uongozi wa kampuni ulipopita kwa mjukuu, Henry Ford II, makubaliano yalivunjwa, na mwaka 1947 kampuni ya Ford ikatoa trekta lake lenye mfumo uleule. Ferguson alifungua kesi Januari 1948 akidai dola milioni 251. Ilimalizika mwaka 1952 kwa kulipwa dola milioni 9.25. Kwa mfanyabiashara somo ni wazi: urafiki ni mzuri, lakini makubaliano ya mali yaandikwe.

Wakati huo Ferguson alikuwa ameshahamia upande mwingine. Mwaka 1946 kiwanda cha Standard mjini Coventry, Uingereza, kilianza kumtengenezea trekta dogo la kijivu, TE20. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Januari 4, mwaka 1958, Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta hayo.

Kupima kabla ya kufunga

Ferguson alijulikana kwa usafi na unadhifu kupita kiasi. Spana iliyokuja na vifaa vyake ilikuwa na alama za kupimia, ili mkulima aweze kurekebisha plau kwa vipimo badala ya kukisia. Alianzisha pia chuo cha kuwafundisha mafundi na mawakala huko Stoneleigh, karibu na Coventry.

Injini ya TE20 nayo ilirahisisha matengenezo. Silinda zake zilikuwa na laina, yaani mabomba yanayochomoka na kubadilishwa bila kuchonga bloku. Silinda ya injini ya petroli ya Standard ilianza na upana wa milimita 80, baadaye ikawa 85.

Hata hivyo, injini inayofunguka kirahisi huweza pia kuharibiwa kirahisi. Trekta likianza kutoa moshi wa bluu, kula oili na kukosa nguvu mlimani, wengi hununua ringi mpya na kuzifunga siku hiyohiyo. Ringi mpya haziponyi silinda iliyolika. Pima kwanza upana wa silinda juu, katikati na chini. Ikiwa imelika kupita kiwango cha kitabu cha injini, badilisha laina na pistoni.

Kama silinda bado ni nzima, ondoa ukingo uliobaki juu yake, kwa sababu ringi mpya ikiugonga huvunjika. Sugua ukuta kwa jiwe maalumu ili kuondoa ung'aavu, kisha osha kwa maji moto na sabuni, ukaushe na kupaka oili. Vumbi la jiwe likibaki, litazila ringi mpya kama msasa.

Hatua inayorukwa zaidi ni kupima nafasi kati ya ncha mbili za ringi. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima kwa fila. Kwa injini nyingi za zamani, nafasi ni takribani milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, hivyo silinda ya milimita 85 huhitaji kama milimita 0.35. Kipimo cha kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata.

Nafasi ikiwa ndogo mno, ringi ikipata moto hutanuka, ncha hugongana, na silinda huchubuka au injini hukwama. Ikiwa kubwa mno, mgandamizo huvuja na oili hupanda.

Safisha mifereji ya pistoni na vitundu vya oili. Anza na ringi ya chini, ya oili, ukipanda juu. Upande wenye alama ya juu utazame juu. Nafasi za ringi zipishane, zisikae mstari mmoja. Kila pistoni irudi kwenye silinda yake.

Baada ya kuwasha, usiliache trekta linguruma muda mrefu bila kazi. Lipe kazi ya wastani ili ringi zikae vizuri ukutani, na badilisha oili mapema.

Ferguson aliuza kampuni yake kwa Massey-Harris ya Canada mwaka 1953, na mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson. Alifariki Oktoba 25, mwaka 1960, nyumbani kwake Stow-on-the-Wold, Uingereza. MF 135, lililokuja kupendwa sana na wakulima wa Afrika Mashariki, lilitoka mwaka 1964, naye hakuliona.

Aliwaachia wakulima wadogo trekta wanaloweza kulimiliki na kulitengeneza. Fila ni kifaa cha bei ndogo kuliko seti moja ya ringi. Kabla fundi hajafunga silinda hedi, mwambie akuonyeshe vipimo alivyochukua, na viandikwe.