Zane Grey na Nduwaro wa Tahiti

Mvuvi wetu wa pwani hutweka tanga kutafuta riziki. Zane Grey, Mmarekani aliyezaliwa 1872, aliitumia riziki kuitafuta bahari. Alikuwa tabibu wa meno New York, kisha akatunga hadithi za wachunga ng'ombe, na fedha za vitabu zikamnunulia jahazi la milingoti mitatu, Fisherman. Mwaka 1925 alifika nalo visiwa vya Galápagos.

Lakini mimi humkumbukia Tahiti, 1930. Alimnasa nduwaro kwa mshipi, wakamenyana, na papa wakamwahi kabla hajafikishwa nchi kavu. Nimeiona picha: samaki ananing'inia, nyama ya mkiani imeraruliwa, wala Grey hakulificha jeraha. Mizani, papa wameshakula fungu lao, ilisoma ratili 1,040. Grey alifariki 1939.