Peter Medawar: mtu aliyeeleza kwa nini mwili hukataa figo ya kupewa

Mkazi wa Ikungi anayehitaji kupandikizwa figo leo anaweza kufuata barabara ya Dodoma hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza huduma hiyo mwaka 2018. Muhimbili ilitangulia mwaka 2017. Aliyepandikizwa hupewa agizo: ameze dawa kila siku, na arudi kupima damu hata kama hasikii maumivu. Chanzo cha agizo hilo ni kazi ya mtaalamu wa wanyama, Peter Medawar.

Medawar alizaliwa Brazili tarehe 28 Februari 1915. Baba yake alitoka Lebanoni, mama yake alikuwa Mwingereza. Alipelekwa Uingereza akiwa mtoto, akasomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake. Mwanajeshi mmoja aliungua vibaya, na madaktari wakamwomba Medawar ushauri. Walijua kwamba ngozi ya mgonjwa mwenyewe ikihamishiwa kwenye kidonda hushika, bali ya mtu mwingine hukaa siku chache, ikafa na kubanduka. Hawakujua sababu.

Alikwenda Glasgow kufanya kazi na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Huko walimwekea mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilikufa. Walipoweka vingine vya kaka huyohuyo, vilikufa haraka zaidi. Mwaka 1943 wakaandika walichokiona: kinga ya mwili ndiyo iliyovishambulia, na mara ya pili ilikuwa imeshamtambua mgeni.

Jibu lililofuata lilitoka zizini. Wafugaji wanajua kwamba ndama jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa. Mtaalamu mmoja wa mifugo alitaka njia ya kutofautisha ndama pacha wanaofanana kabisa na wasiofanana. Medawar na mwenzake Rupert Billingham wakadhani ngozi itawaambia: wasiofanana watakataana. Wakashangaa, kwani karibu wote walipokeana. Sababu ni kwamba ndama pacha huchangia damu tumboni mwa mama yao, hivyo kinga ya kila mmoja humzoea mwenzake mapema.

Mwaka 1953, Medawar, Billingham na Leslie Brent walionyesha jambo hilohilo kwa panya waliochomwa seli za panya wengine kabla ya kuzaliwa. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Figo ya kwanza iliyopandikizwa ikafanikiwa ilikuwa mjini Boston, Marekani, Desemba 1954, kati ya mapacha wanaofanana kabisa, kwa hiyo mwili haukuona mgeni. Kwa wagonjwa wengine ilibidi zipatikane dawa za kutuliza kinga. Dawa hizo huituliza tu. Ukiruka dozi, kinga huamka.

Nayo huanza vita kimyakimya. Kipimo cha kawaida huangalia kreatinini, taka ambayo figo hutoa kwenye damu. Ikipanda, huenda figo imeshaumia. Kuna kipimo kipya zaidi, kinachotumika hasa nchi tajiri, ambacho hutafuta kwenye damu vipande vya vinasaba vya aliyetoa figo. Seli za figo zinaposhambuliwa hufa na kumwaga vipande hivyo, na mara nyingi huongezeka kabla kreatinini haijapanda. Daktari akishuku hatari, bado anaweza kuhitaji kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kuthibitisha.

Mwaka 1969 Medawar alipata kiharusi. Aliendelea kufanya utafiti na kuandika vitabu hadi alipofariki London, tarehe 2 Oktoba 1987.

Kama nyumbani kwako kuna aliyepewa figo na ndugu yake, mkumbushe dawa na tarehe ya kliniki. Mkojo kupungua, miguu kuvimba, homa au maumivu mahali figo ilipowekwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini asisubiri dalili hizo, kwa kuwa damu inaweza kuonyesha hatari kabla yeye hajasikia chochote.