Tycho Brahe na Nyota Isiyotarajiwa

Neno unajimu katika lugha yetu limebeba mizigo miwili: uaguzi kwa nyota na elimu ya mwendo wa nyota. Wapo wataalamu wanaopendelea kuitenga mizigo hiyo, elimu iitwe falaki na uaguzi ubakie unajimu. Kwa Tycho Brahe utengano huo haukuwapo. Mdenmark huyu aliwaagulia wana wa mfalme, na ni yeye huyo aliyeipima mbingu kwa usahihi uliowapita wote waliomtangulia.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba, 1546, katika ngome ya Knutstorp, jimbo la Skåne, ambalo siku hizo lilikuwa la Denmark na leo ni la Uswidi. Ami yake Jørgen, ambaye hakujaliwa mtoto, alimchukua angali mdogo bila idhini ya wazazi wake. Mwaka 1562 alipelekwa Leipzig kusomea sheria, lakini usiku alikuwa akizitazama nyota kwa siri. Mwaka uliofuata sayari za Mshtarii na Zohali zilikaribiana angani, na kijana huyo wa miaka 16 akagundua kwamba majedwali ya kale yalikuwa yamekosea kwa takriban mwezi mzima. Yale yaliyotokana na Copernicus nayo yalikosea kwa siku kadhaa. Mnamo Desemba 1566 alikatwa pua katika pigano la panga huko Rostock, akaishi na pua ya bandia. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 2010, uchunguzi wa mifupa ulionyesha kuwa pua hiyo ilikuwa ya mchanganyiko wa shaba na zinki, wala si fedha kama ilivyosimuliwa.

Jioni ya tarehe 11 Novemba, 1572, alipokuwa akirejea nyumbani huko Herrevad, aliona nyota kali katika kundi la Cassiopeia, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Hakuyaamini macho yake. Aliwauliza watumishi, kisha wakulima waliokuwa wakipita, iwapo nao waliiona. Nyota hiyo iling'aa hata mchana.

Jambo hili lilikuwa zito. Wasomi wa Ulaya walishikilia fundisho la Aristotle kwamba mbingu zilizo juu ya mwezi hazibadiliki kamwe. Chochote kipya sharti kiwe chini ya mwezi, karibu na hewa yetu. Tycho aliamua kupima. Ukinyoosha kidole na kukitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kidole huonekana kuhama. Vivyo hivyo kitu kilicho karibu na dunia huonekana kuhama miongoni mwa nyota kadiri usiku unavyosonga. Mwezi huhama hivyo. Nyota hii haikuhama hata kidogo. Basi ilikuwa mbali kupita mwezi, na mbingu zilikuwa zimebadilika. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1573. Nyota ilififia hadi ikatoweka mwaka 1574; leo twajua ilikuwa supanova, yaani nyota iliyolipuka.

Mfalme Frederik wa Pili alimpa kisiwa cha Hven mwaka 1576, akajenga Uraniborg, kasri lenye vifaa vikubwa vya kupimia pembe. Darubini ilikuwa haijabuniwa. Wakulima wa kisiwa walilazimishwa kumfanyia kazi bila ujira, na ukali wake kwao hauna utetezi. Hapo ndipo alipoipima nyota yenye mkia ya mwaka 1577, akathibitisha kuwa nayo ilipita mbali juu ya mwezi.

Ajabu ni kwamba mtu huyu alikataa kuwa dunia huzunguka jua. Alitafuta mhamo wa nyota ambao mzunguko huo ungeuleta, asiuone. Ulikuwa mdogo mno kwa vifaa vyake. Alikosea kwa kuuheshimu ushahidi aliokuwa nao.

Alikosana na mfalme mpya, Christian wa Nne, akahama mwaka 1597, hatimaye akafika Prague, ambako Johannes Kepler alijiunga naye mwaka 1600. Tycho alifariki tarehe 24 Oktoba, 1601. Kepler alirithi vipimo vyake vya sayari ya Mirihi, akavilinganisha na njia ya duara, akakuta tofauti ya dakika 8, chini ya moja ya saba ya digrii. Mwingine angeipuuza. Kepler, akijua Tycho hakukosea kiasi hicho, aliitupa duara, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu.