Kandahar ya Thelujini na Kariokor Yetu

Wapo wanaotaka majina yote ya kikoloni yafutwe mitaani mwetu. Kuhusu Kariokor, hapa Eastlands, mimi nawapinga, na sababu yangu naitafuta mbali: Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, kwenye mteremko wa mlima ambako mabingwa wa dunia hushindana mbio za skii. Mteremko huo waitwa Kandahar. Theluji ya Wajerumani ilipataje jina la mji wa Afghanistan?

Ililipata kwa Frederick Roberts. Jemadari huyu wa Uingereza alizaliwa Kanpur, India, mwaka 1832, akatunukiwa Msalaba wa Victoria kwa ushujaa wa mwaka 1858. Agosti 1880 aliongoza askari wapatao 10,000 kutoka Kabul hadi Kandahar, zaidi ya kilomita 500 kwa muda wa wiki tatu hivi, na Septemba mosi akalishinda jeshi la Ayub Khan. Maelfu ya watumishi na wachukuzi wa Kihindi walikwenda naye njia ile ile, chini ya jua lile lile. Mwaka 1892 alipopewa ubwana, aliandikwa Lord Roberts wa Kandahar.

Mwanawe aliuawa vitani Afrika Kusini mwaka 1899. Mzee akaenda kuviongoza vita hivyo, na mashamba ya Makaburu yakateketezwa kwa amri yake. Mwaka 1911 alitoa kikombe kishindaniwe na watelezaji wa skii huko Montana, Uswisi. Kikombe kikachukua jina lake la ubwana. Klabu ya Mürren ikalirithi mwaka 1924. Mashindano ya Arlberg-Kandahar yakazaliwa Austria mwaka 1928, na baadaye yakalifikisha jina Garmisch.

Roberts alifariki Novemba 1914 huko St. Omer, Ufaransa, alikokwenda kuwazuru askari wa India, akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu la St. Paul's, London. Mwaka huo huo Waingereza waliunda huku kwetu Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi ya kuhara, wakazikwa porini. Ndimi za Kiswahili zililisaga jina la kikosi hicho hadi likawa Kariokor. Kandahar ya Garmisch yamtaja jemadari. Wachukuzi wake hawamo. Katika Kariokor, ni wapagazi tu wanaotajwa. Tukilifuta, tutawataja wapi tena?